Muziki si Uhuni: Tujifunze kwa Ndugu wa Arusha Jazz

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana muhula huu, mabwenini, katika chumba cha walimu, na hata majumbani mwetu. Jambo lenyewe ni ombi la Chama cha Muziki kwamba shule inunue magitaa matatu na seti moja ya ngoma, ili tuwe na bendi yetu kama vile tulivyo na kwaya na timu ya mpira. Walimu kadhaa wameliunga mkono ombi hilo. Wazazi wengi wamelipinga, na Bodi ya Shule italiamua mwanzoni mwa muhula ujao.

Hoja za wanaopinga nimezisikiliza kwa heshima, maana wasemao ni wazazi, na mkubwa hasemi bila kuwa na alichokiona. Hoja zao ni tatu. Ya kwanza ni kwamba muziki wa bendi ni uhuni, kwa kuwa nyumbani kwake ni baa. Ya pili, kwamba wanamuziki hawana mwisho mwema. Huimba leo wakashangiliwa, kesho wakafa maskini. Ya tatu, kwamba mwanafunzi akishika gitaa hushika na kitabu kwa mkono wa kushoto, na mwisho wake ni kufeli mtihani.

Sitaki kuzijibu hoja hizi kwa maneno matupu. Afadhali nieleze habari za bendi moja ambayo sehemu ya maisha yake ilipita hapa hapa Arusha, chini ya Mlima Meru, kisha msomaji apime mwenyewe.

Mwaka 1966, katika mji wa Tanga, vijana wawili wa tumbo moja, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walijiunga na bendi iliyoitwa Jamhuri Jazz. Tanga siku hizo ulikuwa mji wa muziki hasa. Palikuwa na Jamhuri Jazz, na palikuwa na Atomic Jazz, na kila moja ilijitahidi isipitwe na mwenzake. Katika mashindano hayo vijana walijifunza kazi. Mwaka 1970 wakafunga mizigo, wakasafiri zaidi ya kilometa 400 mpaka Arusha. Hapa, pamoja na ndugu yao mwingine, William Kinyonga, wakaunda bendi na kuipa jina la mji wetu: Arusha Jazz.

Si ajabu kwamba waliichagua Arusha. Tangu mwaka 1967 mji huu ulikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Palikuwa na watumishi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania yote, watu wenye mishahara na wanaopenda dansi mwisho wa juma. Lakini bendi haikukaa. Mwaka 1971 ndugu hao walivuka mpaka, wakaenda Mombasa, na huko wakaunda bendi iliyokuja kujulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1975 wakahamia Nairobi.

Kwa nini hawakubaki? Anayetaka kuelewa jambo hili na aangalie hali ya kazi yao wakati ule. Katika nchi yetu bendi zilirekodi nyimbo zao katika Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikahifadhiwa pale ili zipigwe hewani. Nyimbo zilisikika nchi nzima, lakini kusikika na kuuzwa si jambo moja. Nairobi ndiko kulikokuwa na makampuni ya santuri, na wanunuzi wengi, na vilabu vilivyofunguliwa kila usiku. Kutoka hapa Arusha hadi Namanga mpakani ni kama kilometa 110 tu. Fundi yeyote, awe seremala au mwashi, huenda kwenye kazi. Ndugu wale hawakuikimbia nchi yao kwa dharau. Walifuata riziki kama babu zetu walivyofuata malisho.

Sasa nataka nieleze kidogo muziki wao ulivyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaosema kwamba kupiga gitaa ni mchezo hawajapata kutazama kwa makini. Katika bendi ya namna ile magitaa ni matatu, na kila moja lina wajibu wake. Gitaa la solo hupanda juu, hujibizana na mwimbaji, na likipata nafasi husema peke yake. Gitaa la rithimu hurudia fungu lile lile la sauti, dakika baada ya dakika, bila kuchoka na bila kuharakisha. Besi iko chini, huonyesha mguu wa mchezaji mahali pa kukanyaga. Ngoma huwaunganisha wote. Mpiga solo ndiye watu wanayemtazama, lakini mpiga rithimu akikosea kipimo kimoja wote wameanguka. Basi niambieni, hiyo si nidhamu? Mwanafunzi anayeweza kurudia fungu moja kwa dakika kumi bila kupotea, huku akiwasikiliza wenzake watatu, amejifunza jambo ambalo hata maabara yetu inalitaka.

Na historia yenyewe ya Simba Wanyika imethibitisha ukubwa wa hao wanaosimama nyuma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki waliowazunguka akina Kinyonga walijitenga, wakaunda bendi yao, Les Wanyika. Miongoni mwao alikuwapo Omari Shabani wa gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa ngoma. Wakaungana na John Ngereza, na sauti ya Issa Juma. Bendi hiyo mpya ilikuwa na Watanzania na Wakenya pamoja. Mwaka 1979 wakatoa wimbo "Sina Makosa". Sidhani kama yupo mzazi mwenye umri wa kutosha asiyeufahamu, hata miongoni mwa wale wanaopinga ombi letu. Ukiusikiliza vizuri utaona kwamba kinachoubeba ni lile gitaa la rithimu na ile besi. Watu ambao jana walikuwa nyuma ya jukwaa ndio waliotengeneza wimbo ambao bado unapigwa harusini, katika mabasi na redioni, miaka zaidi ya arobaini baadaye.

Hapa ndipo penye somo la kwanza, nalo lawahusu vijana kuliko wazee. Kundi lolote, liwe bendi, timu au serikali ya wanafunzi, lazima lijue thamani ya kila aliyemo. Simba Wanyika haikufa baada ya mwaka 1978. Wilson na George waliendelea, wakatoa nyimbo nyingine nzuri, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikwenda kupiga hata Ulaya. Lakini baada ya mgawanyiko ule yalizuka majina mengi yenye neno "Wanyika" ndani yake, kama vile Super Wanyika Stars ya Issa Juma, hata msikilizaji wa kawaida akawa hajui ni yupi simba na ni yupi mtoto wa simba. Umoja ukivunjika, jina hugawanywa kama nyama ya mnyama.

Nakubali kwamba mwisho wa habari hii ni wa huzuni. George alifariki mwaka 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995, na bendi ikafikia kikomo. Mzazi atasema, "Umeona? Si nilikwambia?" Lakini nauliza: je, kifo cha mwalimu kinathibitisha kwamba ualimu ni kazi mbaya? Watu hawa walifanya kazi moja tangu mwaka 1966 mpaka pumzi ya mwisho. Waliajiri wenzao. Waliimba kwa Kiswahili katikati ya Nairobi, kwa watu ambao wengi wao nyumbani walisema lugha nyingine, nao wakacheza na kuimba pamoja. Mimi naamini kwamba nyimbo za bendi kama hizi ziliieneza lugha yetu mahali ambapo kitabu cha sarufi kisingefika kamwe. Huo si uhuni.

Kilichonisikitisha mimi si kufa kwao, kwa maana kila nafsi itaonja mauti. Kilichonisikitisha ni kwamba sisi wa Arusha hatukumbuki kwamba walipita hapa. Waulizeni vijana wa Ngarenaro, Kaloleni au Sanawari juu ya Arusha Jazz. Wengi watadhani mnawauliza habari za timu ya mpira. Tena wengi huamini kwamba Simba Wanyika na Les Wanyika ni mali ya Kenya tupu. Mtoto usipomlea utamsikia akiitwa kwa jina la baba mwingine, nawe huna haki ya kulalamika.

Ili msomaji asidhani kwamba jambo hili haliwezekani, nitatoa mfano wa mbali. Katika nchi ya Chile, Amerika ya Kusini, iko bendi ya roki iitwayo Los Jaivas. Ilianzishwa mwaka 1963 katika mji wa Viña del Mar ulio ufuoni mwa bahari, na waanzilishi wake walikuwa pia ndugu wa tumbo moja, Eduardo, Claudio na Gabriel Parra, pamoja na rafiki zao. Walichukua magitaa ya umeme, wakayachanganya na filimbi na ngoma za watu wa milima ya Andes. Mwaka 1973 jeshi lilipoipindua serikali ya nchi yao walihamia Argentina, na mwaka 1977 wakaenda Ufaransa. Mwaka 1981 walitoa santuri juu ya Machu Picchu, ule mji wa kale wa mawe ulioko Peru, wakitumia mashairi ya Pablo Neruda. Mwaka 1988 Gabriel, mpiga ngoma, alifariki kwa ajali ya gari. Ngoma zake zilishikwa na nani? Zilishikwa na binti yake, Juanita Parra. Baadaye, mwimbaji wao Gato Alquinta alipofariki mwaka 2003, watoto wake nao waliingia katika bendi. Na wananchi wa Chile wanaihesabu bendi hiyo kuwa sehemu ya urithi wa nchi yao.

Tazameni, wasomaji, jinsi habari hizi mbili zinavyofanana mwanzo wake. Ndugu kwa ndugu, miaka ile ile ya 1960, kuhama nchi, kuchanganya gitaa la umeme na mambo ya nyumbani, misiba. Lakini mwisho wake haufanani. Kule fimbo ya mzee ilipokewa na mtoto. Huku ilianguka chini. Sisemi kwamba watu wa Chile wana vipaji kutushinda. Nasema kwamba huko watoto walikuta vyombo nyumbani, wakafundishwa, na hakuna aliyewaambia kuwa ni wahuni.

Huenda mtu akasema kwamba nazungumza juu ya mambo ya zamani, na kwamba siku hizi bendi zimepitwa. Basi tuje karibu. Mwaka 1996 hapa Arusha lilianzishwa kundi la X Plastaz. Wao hawakupiga magitaa. Waliimba kwa mtindo wa hipu hopu. Lakini walifanya jambo la busara: walimwingiza kijana wa Kimaasai, Yamat Ole Meipuko, na sauti zake za kimila zikaingia katikati ya maneno yao ya Kiswahili. Mwaka 2004 santuri yao, "Maasai Hip Hop", ilitolewa Ujerumani, nao wakasafiri nchi nyingi. Mwaka 2006 walipata msiba mkubwa, mwenzao Faza Nelly alipouawa. Hata hivyo mwaka 2009 Gsan, mmoja wao, alisimama na kughani katika tuzo za BET Hip Hop kule Marekani. Dunia haikuwataka kwa sababu waliwaiga Wamarekani vizuri. Iliwataka kwa sababu walikuwa na kitu cha hapa, ambacho Mmarekani hana.

Tena wapo Joh Makini na Nikki wa Pili, ndugu wa tumbo moja, wote wa Arusha, wa kundi la Weusi. Nikki wa Pili aliimba, na huku akisoma mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2021 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Kwa mzazi aliyesema kwamba muziki na kitabu havikai katika mfuko mmoja, sina jibu fupi kuliko hilo.

Lakini nisije nikaonekana nasema upande mmoja tu. Hoja ya kwanza ya wazazi, ile ya baa, ina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba bendi nyingi zilipigia mahali pa pombe, na kwamba wanamuziki wengi waliharibikiwa huko. Lakini tujiulize sababu. Walipigia baa kwa kuwa ndiko kulikokuwa na jukwaa, na ndiko kulikokuwa na mtu wa kulipa. Kijana anayependa gitaa atalitafuta tu. Akilikosa shuleni, saa nane mchana, chini ya jicho la mwalimu, atalipata kwingine, saa nane usiku, chini ya jicho la mtu asiyemjua. Kukataza hakuondoi kiu. Huonyesha tu mto wa mbali.

Kwa hiyo naleta mashauri yangu, nayo nawaomba Bodi na wazazi wayapime.

Kwanza, vyombo viwe mali ya shule, viandikwe katika daftari la mali, na vitunzwe na mwalimu mlezi. Mwanafunzi asivitoe nje ya shule kwa sababu yoyote.

Pili, mazoezi yawe Jumamosi alasiri tu, kwa saa mbili, na wakati wa mitihani yasiwepo kabisa. Mwanachama ambaye wastani wake utashuka asimame mpaka upande. Sheria hii sisi wenyewe wanachama tunaikubali, na tuko tayari kuitia sahihi.

Tatu, bendi iwe na daftari lake. Kila wimbo uandikwe: nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, tarehe gani. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria haimsaidii mtu asiyejua kuandika kazi yake ni ipi. Ikiwa tutaondoka shuleni tukiwa tumejifunza jambo hilo moja, hakuna atakayetudhulumu kwa urahisi.

Nne, na hili ndilo ninalolitamani zaidi, kila likizo wanachama wapewe kazi ya kuwatafuta wazee. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1970 alizaliwa mwaka 1950. Wazee hao bado wapo, Kaloleni, Tengeru, Usa River na Ngaramtoni, lakini hawatakuwapo daima. Tuwaulize: Arusha Jazz ilipigia wapi? Nani alicheza? Nani ana picha? Majibu yaandikwe na kuwekwa katika maktaba yetu. Ziko shule zenye vikombe kabatini. Sisi tungekuwa na historia ya mji, jambo ambalo kikombe hakiwezi kulinunua.

Tano, gharama. Nimesikia ikisemwa kwamba fedha hizo zingefaa kununua vitabu. Mimi pia napenda vitabu. Lakini hatukuomba fedha za vitabu. Tumeomba ruhusa ya kutumia mfuko wa michezo na vyama, na kilichopungua tupate kukichanga kwa kufanya tamasha moja shuleni, mchana, wazazi wakialikwa na kukaa viti vya mbele.

Nawageukia sasa wanafunzi wenzangu, kwa maana si haki kuwasema wakubwa tu. Miongoni mwetu wapo wanaotaka bendi kwa ajili ya kupigiwa makofi. Wote wanataka solo. Hakuna anayetaka rithimu. Nawaambia wazi kwamba mkija na moyo huo, wazazi watakuwa na haki ya kutufungia mlango. Omari Shabani hakuwa mbele, lakini mkono wake ndio unaotambulika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Anayetaka kuingia katika bendi yetu aanze na kukubali kusimama nyuma.

Na kwenu wazazi, nasema kwa adabu: hatuwaombi mtupe ruhusa ya kuacha masomo. Tunawaomba mtupe saa mbili za Jumamosi, mlango ulio wazi, na mwalimu ndani yake. Mwaka 1970 mji huu ulipewa bendi iliyobeba jina lake, na mwaka mmoja baadaye bendi hiyo ikavuka mpaka. Wenye vipaji bado wanazaliwa chini ya Meru, nao wataendelea kuzaliwa. Lililo mikononi mwetu ni kuamua kama watajifunza kazi yao hapa, mbele ya macho yetu, au kama tutakuja kuwasikia redioni siku moja wakitajwa kuwa watu wa nchi nyingine.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano